UZI MAALUM: BMW E46 na ndugu zake, sevisi tunafanya wenyewe nyumbani. Kabla ya kuongeza pawa, kwanza ipoe

Mleta uzi

Wakuu habari za weekendi. Kila siku mtu anauliza kama achukue E46 ya kutoka Japani au aachane nayo, na majibu ni yale yale, Mjerumani anatesa, spea hakuna, kuiuza ni hasara. Mi nakaa na 325i hapa Dar, naifungua mwenyewe uani, na hii gari naipenda toka moyoni kwaiyo leo nataka nieleze kwa urefu mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya kwa mkono wake, kisha wenye E90, C-Class na Audi mtaongezea ya kwenu.

Kwanza tuelewane tunaongelea gari gani. E46 ni kizazi cha BMW 3 Series, sedani yake ilitengenezwa 1998 hadi 2005, na nyingi zenye silinda sita zilizotoka kuanzia 2000 zina injini ya M54: 320i ni lita 2.2 yenye hp 170, 325i hp 192, 330i hp 231. 318i ni silinda nne, hiyo ina mambo yake. Sasa piga hesabu, iliyo changa kabisa imeshapita miaka 20. Chuma chake bado kizima, gia zinaingia vizuri, bodi haina kutu, kilichoisha umri ni plastiki na raba. Ukishalielewa hilo hutaona tena kama gari ina mikosi, utaona ina orodha ya vitu vya kubadilisha na orodha yenyewe ina mwisho.

Na cha kwanza kwenye orodha ni mfumo wa kupoza injini. Sio rimu, sio egzosi, sio taa. Rejeta ya E46 ina shingo za plastiki, tangi la kulanti (maji ya kupozea) la plastiki, nyumba ya themostati ya plastiki, na mfumo wote unakaa kwenye presha kubwa, hadi bar 2 kwenye zile zenye mfuniko ulioandikwa 200. Plastiki ikipikwa miaka yote hiyo inakuwa kavu, siku moja kwenye foleni ya Mandela saa kumi jioni tangi linapasuka ubavuni na kulanti yote inamwagika chini ndani ya dakika. Blok na silinda hedi vyote ni alumini. Ikichemsha vibaya hedi inapinda na nyuzi za bolti za hedi zinang'oka kwenye blok, na hapo ndo watu wanauza gari kwa bei ya kutupa.

Afu kuna kitu wengi hawakijui, ule mshale wa joto kwenye deshibodi umetengenezwa utulie. Kuanzia nyuzi 75 hivi mpaka karibu 115 unasimama katikati pale pale. Ukiuona umeanza kupanda, injini ina moto zamani. Dawa yake ipo ndani ya gari yenyewe: shikilia kitufe cha kurudisha tripu, geuza ufunguo nafasi ya kwanza, itakuja menyu ya TEST. Ili ifunguke yote nenda test ya 19, ndiyo inayofungua menyu iliyobaki. Baada ya hapo test ya 7 inakuonesha joto halisi la kulanti kwa namba. M54 nzima inacheza kwenye 90 na kitu. Ukiona foleni imeipandisha ikaivuka 105 na bado inapanda, paki pembeni, zima, usibishane nayo.

Seti kamili ya kubadilisha kwa mkupuo mmoja: rejeta kama ni ya zamani, tangi, mfuniko, hozi ya juu na ya chini, themostati, wota pampu, mikanda na pulley zake. Ndio inauma mfukoni ila ukibadilisha kimoja kimoja unamwaga kulanti kila mwezi na kile kizee kilichobaki ndo kinapasuka kinachofuata.

Mleta uzi (inaendelea)

Jinsi ya kufanya, na hapa soma polepole. Gari ilale usiku kucha ipoe kabisa, mfuniko wa tangi usiufungue injini ikiwa na moto hata kidogo, ile presha inarusha kulanti usoni. Nyanyua mbele kwa jeki halafu weka stendi, usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake hata kama ni kuangalia tu, hili sina utani nalo.

Kama ni manual ina feni ya mkanda, ile kubwa ya nyuma ya rejeta. Nati yake ni ya spana 32 na nyuzi zake ziko kinyume, yani inafunguka kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida unakazia. Watu wengi wanaikaza kwa nguvu zote wakidhani wanafungua. Kabla hujatoa mkanda legeza kwanza bolti za pulley ya wota pampu maana mkanda ndo unaishikilia isizunguke. Kulanti ya rejeta inatoka kwa plagi ya plastiki chini, na iliyobaki kwenye blok ina bolti yake upande wa egzosi, ukiiacha ile unachanganya kulanti mpya na uchafu wa zamani.

Wota pampu inashikwa na nati nne za 10. Ukishazitoa utakuta bado imeng'ang'ania, usiipige nyundo wala kuichokonoa na bisibisi. Angalia kwenye uso wa pampu kuna matundu mawili yenye nyuzi, funga bolti mbili za M6 humo, zungusha huku kidogo na huku kidogo, pampu inajisukuma yenyewe inatoka imenyooka. Ukiishika angalia panga zake, za zamani nyingi ni za plastiki na utakuta zimeliwa au zina ufa. Mpya chukua ya panga za chuma au ya plastiki ya kisasa kutoka kampuni inayoeleweka. Oring ipake kulanti kidogo, sukuma, kaza kwa Nm 10 tu. Nm 10 ni kidogo kuliko mkono wako unavyodhani kwaiyo nunua spana ya toki, kwa gari yenye alumini kila mahali hicho ndo kifaa cha kwanza, hata kabla ya soketi za kung'aa.

Kutoa hewa ndiko wanakokosea wengi. Pua ya gari iwe juu kidogo. Swichi ufunguo nafasi ya pili bila kuwasha injini, hita weka moto wa mwisho na feni ya ndani kwenye namba ya chini kabisa, hapo valvu ya hita inafunguka. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo jirani na mfuniko wa tangi, mimina kulanti taratibu mpaka itoke bila mapovu. Funga kwa vidole, ile skrubu ni ya plastiki inakatika kirahisi. Kesho yake gari ikiwa ya baridi angalia tena boya la kwenye tangi, litakuwa limeshuka kidogo, ongezea.

Kulanti yenyewe ni ya aina ya G48, ya bluu, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kama ya betri. Injini inabeba lita 8 na kitu. Wakuu wa Dar naomba sana, maji ya kisima yetu yana chumvi, msitie kwenye rejeta, yanakula alumini kimya kimya.

Mdau wa Mbagala

Mkuu shukrani kwa nondo. Swali, fundi wangu aliitoa themostati kabisa akasema huku kwetu joto haina kazi, ni ya ulaya kwenye baridi. Gari tangu hapo haichemshi kweli ila inakula mafuta sana na taa ya injini inawaka. Niirudishe?

Mleta uzi

Rudisha hata kesho. Nawaelewa mafundi wanaofanya hivyo maana kwenye gari za zamani za kabureta ilikuwa inapita, ila M54 inaongozwa na kompyuta na themostati yake ina waya, inafunguka kwenye nyuzi 97 na kompyuta inaweza kuiamuru ifunguke mapema injini ikibebeshwa mzigo. Ukiitoa injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachanganyika na petroli, na taa inawaka kwa kodi (namba ya hitilafu) P0128. Na kama gari ilikuwa inachemsha kabla ya kutolewa basi ugonjwa wenyewe bado umo, umefichwa tu.

Hilohilo nalisema kwa wanaounga feni dairekti iwe inazunguka muda wote. Feni ya umeme ya E46 ina kidhibiti chake, kikifa badilisha feni. Ukiunga dairekti unaua altaneta na waya wa kuunga unapata moto.

Mdau wa Nairobi

Sasa wadau. Hii uzi iko poa sana. Mimi niko na E46 320i, cooling nilishamaliza, shida yangu ni steering inatetemeka nikibreki kwa mwendo wa 80 hadi 100. Nimebadilisha diski mara kadhaa, inatulia wiki mbili inarudi. Mtu wa spea Kirinyaga Road ananiambia ninunue diski zingine. Ni diski kweli?

Mleta uzi

Ndugu yangu weka hela mfukoni. Mtetemo wa kubreki kwenye mwendo huo kwenye E46 mara nyingi ni bushi za nyuma za kontroli amu za mbele, zile kubwa za duara zilizofungwa kwenye bodi kwa bolti mbili. Raba ikichanika tairi linacheza mbele na nyuma ukikanyaga breki na mtikisiko unapanda mpaka kwenye usukani. Ingia chini (stendi!) weka mtaimbo mdogo kati ya amu na bodi, sukuma, utaona raba imefunguka mdomo.

Kuiweka mpya kuna siri yake. Inaingia kwenye amu kwa kusukumwa, na kilainishi ni maji ya sabuni ya vyombo, sio grisi wala oili maana raba itavimba. Ukishaisukuma mahali pake hakikisha ndani ya nusu saa gari iko chini imesimama kwa miguu yake yote, kwa sababu sabuni ikikauka bushi inashika pale pale ilipo. Ikishikia gari likiwa linaning'inia, raba itakuwa imejipinda maisha yake yote na itachanika mapema sana. Kanuni hii ni ya bushi zote za raba, bolti ya mwisho inakazwa gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Gereji nyingi wanakaza gari ikiwa juu ya lifti, ndo maana bushi mpya zinaisha upesi mpaka watu wanalaumu kampuni.

Nyuma nako kuna bushi za treling amu. Zikiisha, gari kwenye kona mkia unajiendesha wenyewe na tairi za nyuma zinaisha upande wa ndani. Kabla hujafungua zile bolti tatu za kishikizo chora alama kwenye bodi kuonesha kilipokaa, ukirudisha kwenye alama hutapotea sana, afu nenda alaimenti.

Mdau wa Arusha

Mimi yangu 330i haina nguvu chini, mpaka rpm ipite elfu tatu ndo inaamka, na sailensa inapumua kama haijatulia. Nimepima kwa kidude cha OBD cha kusoma hitilafu inaleta P0171 na P0174. Nimeambiwa ninunue pampu ya petroli.

Mleta uzi

Kodi hizo mbili kwa pamoja zinasema benki zote mbili (makundi mawili ya silinda) zinapata hewa nyingi kuliko petroli. Pampu inawezekana ila anza na hewa inayoingia kwa wizi. Kwenye M54 sehemu za kupekua ni hozi kubwa ya mpira inayotoka kwenye sensa ya hewa kwenda kwenye throto (ikunjue kwa mkono, ufa unajificha kwenye mikunjo ya chini), mfumo wa kupumulia wa krenki ulio chini ya menifoldi ambao hozi zake zinavunjika kama biskuti, na raba ya DISA. Tafuta fundi mwenye mashine ya moshi, anapuliza moshi kwenye menifoldi na unaona kwa macho unapotokea.

DISA yenyewe itoe, iko ubavuni mwa menifoldi, bolti mbili tu. Ni kipande cheusi chenye mlango mdogo ndani. Tikisa, mlango ukicheza na ukasikia kinagonga, badilisha au iwekee seti ya kukarabati yenye pini ya chuma, usiirudishe. Ile pini ikikatika vipande vinamezwa na injini.

Na kukosa nguvu chini ni kilio cha raba za ndani za VANOS (mfumo wa kusogeza kemshafti) pia. Zile za kiwandani zinakuwa ngumu kwa oili ya moto, presha inavuja, kemshafti hazisogei inavyotakiwa. Zipo seti za raba za Viton na teflon, kazi ni ya siku nzima kwa mtu mtulivu, na kwa kuwa lazima ufungue kava ya valvu hapo hapo unaweka gasketi mpya ya kava. Kava nayo kaza Nm 10, ukizidisha plastiki inapasuka.

Mdau wa Mwanza

Nyie mnapenda shida jamani. Mi niliuza E90 nikachukua Mark X, nafungua boneti kuweka maji ya waipa tu. Maisha mafupi haya.

Mleta uzi

Mark X ni gari nzuri sana mkuu sina neno nayo. Ila mi nikiingia kwenye E46 nikakata kona za Kitonga nikiwa na dereva mmoja tu ndani ambaye ni mimi, usukani unanielezea kila jiwe lililo barabarani, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na ile silinda sita inapanda sauti bila mtikisiko. Kuna watu hiyo raha ndo wanayotaka na wako tayari kushika spana kwa ajili yake. Uzi ni wa hao.

Mdau wa Dodoma

Wenye E90 (3 Series iliyofuata baada ya E46) je? Nina 325i.

Mdau wa Nairobi

Hiyo nimekuwa nayo. N52 ni injini tamu lakini wota pampu ni ya umeme, haivuji taratibu ikuonye, inakufa tu siku moja na dashi inawaka nyekundu. Ikifika kama kilomita laki moja ibadilishe pamoja na themostati hata kama inafanya kazi. Na bolti zake nyingi ni za alumini kwa sababu blok ina magnesiam, hizo zinatumika mara moja tu, ukifungua unatupa unaweka mpya, unakaza toki halafu unaongeza digrii. Ukiweka bolti ya chuma pale inakula blok. 320i za N46 nazo chunga reli za kuongozea cheni ya taiming, ni za plastiki, ukibadilisha oili kata filta uangalie kama kuna vipande.

Mdau wa Tanga

Niongezee ya C-Class W203 Kompressor, injini ya M271. Zile sumaku za mbele kwenye kemshafti zinavuja oili na oili inapanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya injini. Chomoa plagi yake uangalie, ukikuta oili badilisha sumaku na uweke kile kipande cha waya wa ziada kinachozuia oili isiendelee. Ni kazi ya nusu saa na inaokoa kompyuta. Na Audi A4 ya 2.0 turbo za B7, fungua pampu ya petroli ya presha kubwa uangalie kile kikombe kidogo kinachosukumwa na kemshafti, kikitoboka kinakula kemshafti yenyewe.

Mdau wa Morogoro

Mleta uzi yote sawa, sasa tuambie kuhusu kuongeza pawa. Nataka niremap (kubadilisha programu ya kompyuta ya injini) 320i yangu, niweke egzosi na niishushe.

Mleta uzi

Remap kwenye injini isiyo na turbo inakupa kidogo sana, mi nasema ukweli, hela yako itaenda na hutaihisi. Pawa ya haraka kwenye 320i ni kurudisha ile hp 170 iliyopotea, plagi, filta, hewa ya wizi, VANOS.

Breki ndo apgredi ninayoipenda kuliko zote. 320i imekuja na diski za mbele za mm 286, 330i ina za mm 325. Kalipa na vishikizo vya 330i vinafunga kwenye E46 ya kawaida, unatafuta seti nzima kwenye mitumba, unaweka raba mpya za kalipa, hozi, diski na pedi mpya, ila rimu iwe ya nchi 17. Breki fluidi badilisha kila miaka miwili, inanyonya unyevu na hewa ya pwani yetu unaijua.

Kushusha fikiri mara mbili, matuta yetu yanagonga sampu ya oili. Shokapu za Bilstein B6 zimetengenezwa kwa springi za urefu wa kawaida, gari inabaki juu ila inashika barabara ajabu. Rimu ni 5x120 (bolti tano kwenye duara la mm 120) na tundu la katikati mm 72.6, ukiweka yenye tundu kubwa bila ringi utatetemeka kila mwendo utadhani balansi. Kwa mashimo yetu 205/55R16 ina nyama zaidi ya kulinda rimu kuliko 225/45R17, chagua kwa barabara unayopita kila siku.

Spea tumia tarakimu saba za mwisho za chesisi kutafuta namba kamili ya kifaa kwenye katalogi, afu ndo uende dukani na hiyo namba. Ukienda Kariakoo ukasema nataka themostati ya BMW utapewa ya BMW kweli, sio ya kwako.

Mdau wa Dodoma

Gia boksi je? Fundi anasema oili yake haibadilishwi maisha.

Mleta uzi

ZF, moja ya kampuni zilizomtengenezea BMW gia boksi, wenyewe wanashauri kilomita 80,000 hadi 120,000. Ila kama imeshaanza kuteleza au kugonga oili mpya haitaiponya, pima kwanza. Ukiifanya, fungua bolti ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia, maana ya kujazia ikigoma kufunguka na oili umeshaimwaga gari haitoki hapo. Gari iwe levo, injini inaunguruma, pitisha gia zote taratibu, na sharti la kupima ni oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, ukijaza mpaka ianze kutiririka kidogo kwenye tundu la kujazia, unafunga.

Mdau wa Mbagala

Nikienda kununua ya pili kwa mdogo wangu niangalie nini kabla sijatoa hela?

Mleta uzi

Ombea mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, injini uikute ya baridi. Fungua mfuniko wa oili uone kama kuna maziwa (oili iliyochanganyika na maji), angalia tangi la kulanti kama lina madoa meupe kwenye maungio. Kisha beba tochi uingie chini kwa nyuma, na utoe zulia la buti, angalia sakafu pale sabfremu ya nyuma (fremu inayobeba ekseli) ilipofungwa, sehemu nne. E46 zinapasuka bati hapo, hasa zilizoendeshwa kwa fujo. Ufa mdogo unachomelewa na kuwekewa plati, ila kazi yake ni kushusha ekseli yote ya nyuma kwaiyo ukiuona shusha bei kwanza au ondoka. Ukikuta rangi mpya au silanti mbichi eneo hilo peke yake, ondoka.

Picha za bushi na DISA nitapandisha jioni nikitoka kazini, na mwenye toki za kalipa za 330i aziweke hapa chini.